Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi 180, Saa Mbili na Mgonjwa wa Transijenda

Katika barua zilizotufikia miezi hii, nne zimetoka Lubumbashi na zote zinahusu jambo moja: namna ya kuwafundisha wanafunzi wa tiba huduma za afya kwa watu wa transijenda. Nimeziweka pamoja na kuzifupisha kidogo. Kwa "mtu wa transijenda" namaanisha mtu anayejitambua kwa jinsia isiyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mitaani hubandikwa jina la shoga, na msomaji wa vitabu vya pwani huenda akamwita huntha, lakini majina yote mawili yanapotosha: la kwanza lahusu mtu anampenda nani, la pili lahusu mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri kuwa ya kike wala ya kiume. Mwalimu asiyetenganisha mambo haya matatu mapema atamaliza kipindi akijibu maswali ambayo si ya somo lake.

SWALI: Salamu kwako, Daktari. Mimi ni msaidizi katika kitivo cha tiba hapa Lubumbashi. Profesa wangu amenipa saa mbili niwafundishe wanafunzi 180 juu ya huduma kwa watu wa transijenda, na ameniagiza nisitoe mhadhara bali niwafanye wajifunze kwa kushirikiana. Mabenchi ya ukumbi wetu yamefungwa sakafuni, umeme hukatika, na wanafunzi wakisikia "kazi ya kundi" wanajua maana yake: mmoja anaandika, wengine wanaweka majina. Tena nahofu kwamba nikilitaja somo lenyewe ukumbi mzima utaangua kicheko. Nianzie wapi?
— Msaidizi wa mafunzo, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yangu msaidizi, barua yako inaogopa kicheko kuliko kundi, nami ningeogopa kundi kuliko kicheko. Wanaocheka watanyamaza baada ya dakika tano, hasa wakijua kwamba mbele yao kuna alama. Lakini kundi lililoundwa ovyo litakula saa zako mbili bila mtu kujua kwamba zimeliwa. Ile kazi ya kuweka majina, ambayo sisi tuliopita kwenye vyuo vyetu tumeifanya, na baadhi yetu tumepata alama nzuri kwa jasho la mwenzetu, haihesabiwi kuwa kujifunza kwa kushirikiana. David na Roger Johnson, ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani waliolichunguza jambo hili kwa miongo mingi, walitaja masharti matano: kila mwanakundi amtegemee mwenzake kwa kweli, kila mmoja awajibike kwa nafsi yake, wasaidiane ana kwa ana, wawe na adabu ya kufanya kazi pamoja, na mwishoni wajipime jinsi walivyofanya kazi hiyo. Kwako wewe mawili ya kwanza ndiyo nguzo. Mwanafunzi akiweza kufaulu bila mwenzake, au akiweza kufaulu kwa mgongo wa mwenzake, walichonacho ni benchi moja tu.

Mbinu ninayokushauri ni ile ya vipande, ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson aliibuni mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati shule za mji huo zilipoanza kuwaweka pamoja watoto Weusi, Weupe na wenye asili ya Mexico, nao wakawa hawapatani madarasani. Aronson hakuwahubiria kupendana. Alilikata somo vipande, akampa kila mtoto kipande ambacho wenzake hawakuwa nacho, hata aliyemdharau jirani yake akalazimika kumsikiliza ili afaulu mtihani. Naieleza historia hii kwa sababu mbinu hiyo ilizaliwa kwa ajili ya watu wasioaminiana, na ukumbi wako utakuwa na wanaolipinga somo, wanaoliogopa, na huenda yumo mmoja au wawili ambao linawahusu wao wenyewe na hawatasema.

Hesabu yake si ngumu. Wanafunzi 180 wanatoa makundi 30 ya watu sita, tuyaite makundi ya nyumbani. Somo likatwe vipande sita, na kila mtu wa nyumba apate chake. Kisha wenye kipande kimoja wakutane kukisoma. Lakini hao ni 30, na watu 30 hawazungumzi, wanahutubiwa, kwa hiyo wagawe tena katika makundi matano ya sita sita, tuyaite makundi ya wabobezi. Baada ya dakika 35 kila mmoja anarudi nyumbani kuwafundisha wenzake watano. Mabenchi yaliyofungwa hayazuii kitu: watatu wa mstari wa mbele wanageuka kuwatazama watatu walio nyuma yao. Umeme hauhitajiki, ila fotokopi 180, karatasi moja kwa kila mtu. Na mkuu wa darasa, yule mnayemwita CP, apange majina siku moja kabla ili marafiki wasijikusanye.

Makundi ya nyumbani yapewe mgonjwa, yasipewe mada. Mara yangu ya kwanza, katika chuo nisichokitaja, niliuliza makundi: "Je, mnakubaliana na watu hawa?" Kwa saa nzima nilisikiliza mahubiri, mengine yenye lugha nzuri sana, na hakuna aliyejifunza kipimo hata kimoja. Daktari haulizwi kama anakubaliana na mgonjwa. Huulizwa mguu umevimba kwa nini.

Basi chukua mguu huo. Saa nne usiku mgonjwa wa miaka 26 analetwa na kaka yake kwenye chumba cha dharura. Mguu wa kushoto umevimba kwa siku tatu, shavu la mguu linauma na lina joto, naye hajaanguka wala hajapasuliwa. Kadi yake ya uchaguzi ina jina la kiume, lakini amevaa kitenge na amesuka nywele. Ndani ya mkoba wake mna vidonge vya kupanga uzazi vilivyonunuliwa kwenye duka la dawa, ambavyo amekuwa akimeza vitatu kwa siku kwa miezi minane ili mwili upate umbo la kike, na hakuna aliyemwuliza habari zake. Mgonjwa huyu nimemtunga mimi, ila hakuna sehemu yake ambayo haiwezi kutokea mjini kwako. Kundi lijibu maswali matatu: ana nini, utamwuliza nini na kwa maneno gani, na utamwambia nini kaka yake anayesubiri mlangoni?

Kati ya vile vipande sita, cha estrojeni, yaani homoni ya kike, ndicho kinachobeba jibu la swali la kwanza. Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina ethinili estradioli, ambayo hulisukuma ini kutengeneza kwa wingi vitu vinavyogandisha damu. Ndiyo sababu mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya transijenda, katika toleo lake la 8 la mwaka 2022, unashauri dawa hiyo isitumike kwa wagonjwa hawa, na wenye hatari kubwa ya damu kuganda wapewe estradioli ya kupitia kwenye ngozi. Mwanafunzi asiyeuliza kuhusu vidonge ataandika dawa ya kuchua misuli, na bonge la damu laweza kung'oka mshipani likaenda kuziba mapafu. Aliyeuliza ataomba ekografia ya mishipa na kuanza heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Karatasi hiyohiyo itaje spironolaktoni, inayotumika kupunguza nguvu za homoni za kiume, ambayo huweza kupandisha potasiamu ya damu kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo.

Kipande cha testosteroni, homoni ya kiume, kinahitaji mgonjwa wa pili, na huyo huna haja ya kumtunga. Mwaka 2019 madaktari wa Marekani walieleza katika New England Journal of Medicine habari ya mwanamume wa transijenda wa miaka 32 aliyefika hospitalini na maumivu ya tumbo. Alikwisha kusema kwamba ni transijenda na kwamba kipimo alichojipima nyumbani kimeonyesha mimba, lakini faili lilimsoma kuwa mwanamume, hali yake haikuhesabiwa kuwa ya haraka, na saa kadhaa zilipita kabla ya kuchunguzwa kama mjamzito. Mtoto alizaliwa amekufa. Kutokana na kisa hicho wabobezi wa kipande hiki watajua wenyewe mambo ya kufundisha: testosteroni si dawa ya kuzuia mimba, mwenye shingo ya kizazi anahitaji kuchunguzwa saratani yake hata kama ana ndevu, kama vile mwenye tezi dume anavyobaki nayo hata akivaa kitenge, na anayetumia testosteroni apimwe hematokriti, yaani kiwango cha chembe nyekundu katika damu, kwa sababu damu yake huweza kuwa nzito kupita kiasi.

Vipande vitatu nitavipitia kwa haraka. Cha uainishaji kiseme kwamba Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili. Cha VVU kitumie uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya takwimu za nchi 15 na kukuta maambukizi kwa asilimia 19.1 ya wanawake wa transijenda. Wanafunzi wagundue wenyewe kwamba kati ya nchi hizo haimo hata moja ya Afrika, kisha wajadili inamaanisha nini kwa daktari wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Cha sheria kisome ibara ya 11 na ya 47 za Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, juu ya usawa wa watu na haki ya afya, pamoja na kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha sheria ya adhabu, kinachomwadhibu mwenye kutoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Hapo ndipo jibu la kaka wa mlangoni linapotoka.

Kipande cha sita, cha lugha, nakipenda kuliko vyote. Mwenzetu anayefanya kazi kwa Kifaransa lazima achague kati ya neno la kiume na la kike kila anapomtaja mgonjwa. Kiswahili kinasema "anaumwa", "amevimba", "amefika", na hakuna aliyekosewa heshima. Lakini tusijisifu mapema. Hapa Lubumbashi hatumwiti mtu mzima kwa jina tupu, tunamwita papa au mama, na neno hilo moja tunalolitamka kwa heshima ndilo linaloweza kumfanya mgonjwa asimame na kuondoka. Isitoshe, mwanafunzi humhoji mgonjwa kwa Kiswahili kisha huandika faili kwa Kifaransa, kwa hiyo jinsia ambayo haikutamkwa kitandani inazaliwa kwenye karatasi. Waagize wabobezi wa kipande hiki watunge sentensi tano za kumhoji mgonjwa wetu, wakianza na ile rahisi kabisa, "Ungependa nikuite nani?", na wazijaribu kwa sauti. Kwa jumla ningependa makundi yote yasome kwa Kifaransa na kufundishana kwa Kiswahili, maana asiyeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani jinsi kidonge kinavyogandisha damu hajaelewa, amekariri.

Mbinu hii ina ubovu wake, na usiufiche. Mbobezi aliyeelewa vibaya anawapotosha watu watano, na katika habari za dawa upotoshaji si jambo dogo. Kwa hiyo nguvu zako zitumie katika zile dakika 35 za mwanzo, ukizunguka kati ya makundi ya wabobezi na kuwataka wakueleze kipande kabla hawajarudi nyumbani; wakisharudi huwezi tena kuyasikia makundi 30. Mwishoni kila mwanafunzi ajibu maswali kumi peke yake, juu ya vipande vyote sita, na alama yake iongezwe kidogo endapo wote sita wa nyumba yake wamevuka kiwango ulichokiweka. Nyongeza iwe ndogo. Ikiwa kubwa, aliye dhaifu atatukanwa na wenzake, na tutarudi kulekule kwa mmoja kuwaandikia wengine.

Kuhusu uchache wa muda usione haya. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2011, uliojibiwa kikamilifu na shule za tiba 132 za Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba nusu ya shule zilitenga saa 5 au pungufu katika miaka yote ya masomo, na saa hizo zilikuwa za mashoga, wasagaji na watu wa transijenda kwa pamoja.

SWALI: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano na ni mzee wa kanisa wa vijana. Tulifanya somo la namna hii na nikapewa kipande cha homoni. Wenzangu wawili walicheka muda wote, na mimi mwenyewe sikujua kama kusoma dawa hizi ni kukubali jambo ambalo imani yangu hailikubali. Je, mwanafunzi anaruhusiwa kukataa kipande?
— Mwanafunzi, Lubumbashi

JIBU: Mwanangu, swali lako ni la heshima kuliko kicheko cha wenzako, na nitalijibu bila kukuzunguka. Imani yako ni yako, na hakuna kundi lenye haki ya kukupigia kura juu yake. Lakini kujua kwamba kidonge fulani hugandisha damu si kukiri imani, kama vile kujua dalili za ulevi si kunywa. Kiapo cha Geneva cha Chama cha Madaktari Duniani, kilichopitishwa mwaka 1948 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2017, kinamtaka daktari asiruhusu dini, kabila, jinsia, siasa wala mambo mengine kadhaa kuingia kati ya wajibu wake na mgonjwa wake. Angalia kwamba dini imo katika orodha hiyo: kiapo kinachomlinda mgonjwa wa transijenda mbele yako ndicho kinachokulinda wewe mbele ya daktari asiyeipenda dini yako. Kwa hiyo mjadala wa imani una mahali pake, na ningependa mwalimu aupangie siku yake. Kipande chenyewe hakikataliwi, kwa kuwa ukikikataa ni wenzako watano wanaokosa somo hilo.

Juu ya wanaocheka, wajibu ni wa mwalimu kabla ya kuwa wako. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakuondoi chuki. Watu wanahitaji kusimama katika daraja moja, kuwa na lengo moja, kulifanyia kazi pamoja, na wenye mamlaka wawe wameonyesha waziwazi kwamba wanaunga mkono. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mwalimu asiposema neno mwanzoni, ukimya wake unasomwa kama ruhusa. Ningemshauri aweke kanuni moja tu: mgonjwa wa karatasi azungumzwe kana kwamba ameketi kwenye benchi la jirani. Nawe ndani ya kundi usihubiri. Mwulize anayecheka, "Endelea, potasiamu yake ipimwe baada ya muda gani?" Nimeona swali kama hilo likimaliza kicheko haraka kuliko karipio la profesa.

SWALI: Tunataka kumwalika mtu wa transijenda asimame mbele ya darasa na kusimulia maisha yake, ili wanafunzi wasijifunze kutoka kwenye karatasi tu. Wewe waonaje?
— Mwalimu wa kliniki, Lubumbashi

JIBU: Naona msifanye hivyo, angalau si mbele ya watu 180 wenye simu mkononi. Lubumbashi ni mji mkubwa ambao watu wake wanajuana kama wa kijijini. Picha iliyopigwa asubuhi itakuwa Kamalondo kabla ya mchana, na mgeni wenu ndiye atakayeishi na matokeo yake ninyi mkiwa mmekwisha kusahihisha mitihani. Liko na tatizo la mafunzo yenyewe: mtu akisimamishwa peke yake mbele ya umati, wanafunzi hujifunza kumtazama, na kumtazama ndiko tunakotaka waache.

Tumieni mgonjwa wa kuigiza. Daktari Howard Barrows alianza kuitumia njia hiyo huko Los Angeles mwaka 1963, akimfundisha mtu mwenye afya kuigiza ugonjwa mbele ya wanafunzi, na hadi leo haihitaji mashine. Mwigizaji awe msaidizi au mtu wa tamthilia aliyefundishwa vizuri, asiwe mwanafunzi mwenzao, kwa sababu wenzake watamwita kwa jina la mgonjwa huyo mpaka siku ya kuhitimu. Aliye wa transijenda kweli, akipenda kusaidia, aalikwe kabla ya somo, asome karatasi sita pamoja nanyi, awaonyeshe mlipokosea, na alipwe kama mlivyomlipa mtaalamu mwingine. Ubingwa wake ni wa kuhakiki. Darasa halina haja ya kumwona.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa mapokezi. Madaktari wanafundishwa haya yote, lakini mimi ndiye ninayeita majina kwenye foleni. Mbona sisi hatuitwi katika makundi hayo?
— Muuguzi, Lubumbashi

JIBU: Mama, umegusa pengo la mpango wote nilioueleza hapo juu. Mgonjwa wetu mwenye mguu uliovimba hakutani kwanza na daktari. Anakutana na sauti yako. Makundi ya sita yangekuwa bora kama mmoja au wawili wangekuwa wanafunzi wa uuguzi kutoka taasisi ya mafundi wa afya, ISTM, na kipande cha lugha kikawa chao, kwa kuwa katika jambo hilo wana mazoea ambayo mwanafunzi wa tiba hana. Mpangilio huo unahitaji ratiba za vyuo viwili kukubaliana, na najua si kazi ya wiki moja. Kwa sasa lipo jambo ambalo huhitaji kibali cha mtu kulianza kesho asubuhi: ukiita foleni, ita jina la ukoo peke yake, bila jina la ubatizo na bila papa wala mama. Kasongo au Ngoy aweza kuwa mwanamume au mwanamke, na anayeinuka kwenye benchi atakufikia mezani ndipo umwulize kwa sauti ya chini aitweje.